Marehemu Aliyetoa Wosia

Mzee akifa, vitu viwili huonekana nyumbani mwake siku ile ile: machozi na macho. Machozi humlilia marehemu. Macho hutazama sanduku, shamba, ng'ombe na mabati ya nyumba. Si watu wote walio hivyo, Mungu ashukuriwe. Lakini ni nani kati yetu asiyepata kuona matanga ambamo vilio vilikoma ghafula, na maneno ya urithi yakaanza kabla udongo wa kaburi haujakauka?

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba jambo hili ni la nchi zetu tu. Yapata miaka 700 na zaidi iliyopita lilitokea katika mji wa Firenze, nchi ya Italia. Mshairi mmoja mkubwa aliliandika kwa hasira, akamweka mwenye kosa katika moto wa milele. Kisha, mwaka 1918, watu wawili wakaitwaa habari ile ile, wakaifanya mchezo wa kuimbwa wenye kuwachekesha watu mpaka leo. Mchezo huo waitwa kwa jina la yule mwenye kosa: Gianni Schicchi, nalo hutamkwa Janni Skiki.

Leo twataka kuwaelezeni jinsi hadithi ya kale ilivyogeuzwa kuwa mchezo wa kuchekesha. Tena twataka kuuliza swali ambalo kila mzazi na kila mwanafunzi aweza kulifikiri: je, yafaa Mkristo acheke pale mshairi Mkristo alipolaani?

MISTARI MICHACHE YA DANTE

Mshairi huyo ni Dante Alighieri. Alizaliwa Firenze mwaka 1265. Mwaka 1302 maadui zake wa siasa walimhukumu, akawa mtu asiye na mji. Hakurudi kwao tena hata alipokufa Ravenna mwaka 1321. Katika miaka hiyo ya kutangatanga alitunga utenzi mrefu wa nyimbo 100, ambamo aeleza safari ya roho yake Motoni, Toharani na Mbinguni. Njiani akutana na watu wengi aliowajua au aliosikia habari zao: wafalme, mapapa, wafanya biashara, wezi, watakatifu.

Katika wimbo wa 30 wa Motoni, karibu na kilindi kabisa, Dante afika mahali pa wadanganyifu. Wako waliogushi pesa, wako waliosema uongo, na wako waliojifanya watu wengine. Hapo aona roho mbili uchi, zimepauka, zakimbia na kuwauma wenzao kama nguruwe aliyefunguliwa zizini. Moja yamshika mtu shingoni kwa meno na kumburura. Dante aambiwa: huyo ni Gianni Schicchi. Kosa lake lasemwa kwa mistari michache sana: alijifanya Buoso Donati, akatoa wosia kwa jina lake kwa taratibu zote za sheria, ili ajipatie mnyama mzuri kuliko wote wa zizi lile.

Basi, ni hayo tu. Kwa nini Dante alimkasirikia hivyo? Kwanza, kwa sababu wosia ni neno la mwisho la mtu. Mwenye kuliiba neno hilo amwibia mtu asiyeweza tena kujitetea. Pili, Dante mwenyewe alikuwa amemwoa Gemma, binti wa ukoo wa Donati. Aliyedanganywa alikuwa jamaa wa mkewe.

Wasomaji wa kwanza wa utenzi huo walitaka kujua zaidi. Katika karne ya 14 mtu mmoja wa Firenze, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika maelezo. Asema kwamba Buoso alipougua sana alitaka kutoa wosia, kwa kuwa moyo wake ulimshitaki: alikuwa na mali nyingi ya watu, naye alitaka kuirudisha kabla ya kufa. Lakini Simone, jamaa yake, alimchelewesha kwa maneno matamu, leo hivi, kesho vile, mpaka mzee akakata roho. Kisha Simone akashikwa na hofu: labda mzee aliandika wosia siku nyingine, mahali pengine? Akamwendea Gianni Schicchi, hodari wa kuiga sauti na mwendo wa kila mtu. Maiti ikafichwa, Gianni akaingia kitandani, mwandishi wa mji akaitwa. Yule mgonjwa wa uongo akatoa sadaka kidogo hapa na pale. Halafu akasema: na nyumbu wangu mzuri nampa Gianni Schicchi. Simone, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, hakuweza kufungua kinywa, maana angemshitaki Gianni angejishitaki mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

MTOTO WA WAPIGA KINANDA

Sasa turuke miaka 600. Giacomo Puccini alizaliwa mwaka 1858 katika mji wa Lucca, si mbali sana na Firenze. Vizazi vinne kabla yake, kutoka baba hata babu wa babu, walikuwa wanamuziki wa kanisa kuu la mji huo. Naye mwenyewe alipiga kinanda kanisani tangu ujana wake. Dada yake mmoja, Igina, alikuwa mtawa katika konventi ya Vicopelago, karibu na Lucca. Giacomo aliacha kazi ya kanisa, akashika opera, yaani michezo ambayo maneno yake huimbwa na kufuatwa na vyombo vingi. Opera zake zilizojulikana zaidi zilikuwa za huzuni: La bohème ya mwaka 1896, Tosca ya mwaka 1900, Madama Butterfly ya mwaka 1904. Watu walitoka katika nyumba ya michezo wakifuta machozi.

Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alitaka kufanya kitu kipya: michezo mitatu mifupi itakayochezwa usiku mmoja. Wa kwanza ni wa kutisha, nao ni habari ya mume, mke na mauaji katika mashua mjini Paris. Wa pili ni wa masikitiko na sala, habari ya Sista Angelica. Na kabla haujachezwa popote, Puccini alikwenda kwa dada yake Igina, akawapigia masista muziki wake. Wa tatu ulitakiwa uwe wa kuchekesha, ili watu warudi nyumbani wakiwa na moyo mwepesi. Puccini hakuwa amepata kuandika opera ya kuchekesha, wala baadaye hakuandika nyingine.

Aliyemtungia maneno ya michezo miwili ya mwisho ni Giovacchino Forzano, kijana wa nchi ya Firenze. Ndiye aliyeichukua mistari ile michache ya Dante pamoja na maelezo ya yule mtu wa kale, akaona ndani yake kicheko ambacho Dante hakukitaka.

Vita vilikoma tarehe 11 Novemba 1918. Tarehe 14 Desemba mwaka huo huo michezo yote mitatu ilichezwa mara ya kwanza, si Italia, bali New York, katika nyumba ya opera iitwayo Metropolitan. Puccini hakuweza kuvuka bahari. Aliuona mchezo wake Roma, ulipochezwa tarehe 11 Januari 1919. Huko na huko, ule wa tatu ndio uliopendwa kuliko wenziwe.

HABARI YENYEWE KAMA INAVYOCHEZWA

Pazia lafunguka. Ni mwaka 1299. Buoso Donati, tajiri asiye na mke wala mtoto, amekufa sasa hivi kitandani. Jamaa zake wamepiga magoti, mishumaa yawaka, wote walia. Mmoja alia kwa sauti, mwingine amshinda. Mtoto mmoja acheza chini. Halafu mmoja wao anong'ona: huko Signa watu wasema kwamba Buoso ameacha mali yake yote kwa watawa. Lo! Vilio vyakoma kama ngoma iliyopasuka. Wafungua masanduku, watupa nguo, wapekua karatasi.

Anayeuona wosia ni kijana Rinuccio. Kabla ya kuutoa amwomba shangazi yake, mama Zita, ruhusa ya kumwoa Lauretta, binti wa Gianni Schicchi. Zita hajali: tukiwa matajiri, oa umtakaye. Wasoma kimya, midomo yatikisika. Ni kweli! Nyumba, vinu vya maji vya kusagia nafaka, nyumbu, vyote vimekwenda kwa watawa. Hapo mmoja wao afanya jambo dogo ambalo husema kuliko maneno mengi: aizima mishumaa waliyomwashia marehemu.

Rinuccio awaambia kwamba mtu mmoja tu aweza kuwaokoa, ndiye Gianni Schicchi. Wakataa: huyo ni mtu wa shamba aliyehamia mjini juzi, hana ukoo, hana kitu! Lakini Gianni amekwisha kuitwa kwa siri, naye aingia na binti yake. Aona nyuso zimekunjamana kwa huzuni ya kweli, awaza moyoni: kumbe, labda Buoso amepata nafuu!

Kwa desturi ya Firenze, mali ya arusi ilitolewa na baba wa binti, si na mvulana kama kwetu. Zita akataa kabisa binti asiye na kitu. Gianni akasirika, ashika njia ya kutoka. Ndipo Lauretta amsihi baba yake kwa wimbo mfupi: ampenda kijana huyu, na akikatazwa atakwenda kwenye daraja la Ponte Vecchio ajitupe mtoni. Baba ashindwa.

Gianni amtoa binti yake nje ili asisikie, kisha auliza: yuko mwingine ajuaye kwamba Buoso amekufa? Hakuna. Basi, maiti ichukuliwe chumba cha pili, kitanda kitandikwe. Mara mganga abisha hodi. Gianni ajificha nyuma ya pazia la kitanda, atoa sauti ya Buoso: nimepata nafuu, nataka kulala, rudi jioni. Mganga aenda zake akijisifu kwamba katika mikono yake hakufa mgonjwa hata mmoja.

Sasa jamaa wamejua la kufanya. Wakubaliana kugawana fedha sawasawa, na kila mmoja ataja shamba alitakalo. Lakini vitu vitatu vyawagombanisha: nyumba, nyumbu na vinu vya Signa. Mwisho wamwachia Gianni aamue. Na wakati wa kumvika kofia ya kulalia, kila mmoja amnong'oneza sikioni kwamba atampa kitu akimpa yeye. Gianni awaitikia wote.

Kabla ya kulala kitandani awaonya: sheria ya Firenze ni kali. Mwenye kugushi wosia, pamoja na wasaidizi wake, hukatwa mkono na kufukuzwa mjini. Awaimbia wimbo wa kuuaga mji, akiinua mkono wa nguo usio na kiganja ndani yake. Nao wauimba nyuma yake kwa kutetemeka.

Mwandishi wa mji aja na mashahidi wawili, fundi viatu na mtia rangi nguo. Sauti nyembamba yatoka kitandani. Mazishi yawe ya bei ndogo. Wafransisko na kanisa wapewe lira tano. Jamaa wasifu: mzee ana hekima! Fedha zigawanywe sawa. Wasifu tena. Shamba hili kwa fulani, lile kwa fulani. Asante, asante! Nyumbu... wote wakaza masikio... namwachia rafiki yangu mpenzi, Gianni Schicchi. Nyumba ya Firenze? Kwa rafiki yangu Gianni Schicchi. Jamaa wachemka kama chungu. Lakini kila wakitaka kupiga kelele, mgonjwa auimba polepole ule wimbo wa kuuaga mji na kuinua mkono. Wanyamaza. Na vinu vya Signa? Kwa Gianni Schicchi. Kisha amwagiza mama Zita awalipe mwandishi na mashahidi kwa mfuko wake mwenyewe.

Mwandishi akiisha kutoka, jamaa wamrukia Gianni, wanyang'anya vyombo vya nyumba, naye awafukuza kwa fimbo, kwa kuwa nyumba ni yake. Rinuccio na Lauretta wasimama dirishani wakiutazama mji. Gianni awatazama, kisha awageukia watu waliokuja kutazama mchezo. Awaambia kwa maneno yasiyoimbwa kwamba kwa kosa hili alitupwa Motoni, na iwe hivyo. Lakini, kwa ruhusa ya baba Dante, kama usiku huu wamefurahi, wamhesabie jambo hilo katika kumpunguzia hukumu.

JINSI HADITHI ILIVYOGEUZWA

Enyi wanafunzi, na ninyi walimu mnaotunga michezo ya mwisho wa mwaka wa shule, tazameni vizuri kazi ya Forzano na Puccini. Hawakuongeza maneno tu. Walibadili mambo manne makubwa.

La kwanza: katika habari ya kale mdanganywa ni mmoja, Simone. Katika mchezo ni kundi zima la jamaa, wazee, vijana, wake na waume. Tamaa ya mtu mmoja hutuchukiza. Tamaa ya watu wengi wanaosukumana mlangoni hutuchekesha.

La pili: waliweka mapendo. Gianni wa Dante alitaka mnyama. Gianni wa mchezo ataka pia binti yake aolewe. Mara tu baba akiwa na sababu, twaanza kuwa upande wake. Hii ndiyo nguvu ya jukwaa, nayo ni nguvu ya kuangalia kwa uangalifu.

La tatu: waliacha jambo moja zito. Yule Buoso wa habari ya kale alitaka kurudisha mali ya watu, akazuiwa. Jambo hilo lingebaki, nani angecheka? Mahali pake wakaweka wosia wenye kuwapa watawa mali yote. Watawa hawaonekani jukwaani hata kidogo, wala hatuwaoni maskini ambao wangelishwa kwa mali hiyo. Asiyeonekana halii, na asiyelia husahauliwa upesi.

La nne: wafasiri wa Dante husema kwamba Gianni wa kweli alikuwa mtu wa ukoo mkubwa wa Cavalcanti. Forzano amemfanya mtu wa shamba aliyehamia mjini. Dante, katika sehemu nyingine ya utenzi wake, aliwalaumu wageni waliotajirika upesi, kwamba ndio walioiharibu Firenze. Katika mchezo Rinuccio aimba kinyume chake: mji ni kama mti wenye maua, na mizizi yake hunywa maji yatokayo mashambani, kina Giotto, mchoraji mkuu, walitoka huko. Hapo twafikiri mchezo umesema neno la haki. Katika miji yetu pia wako wanaomdharau mtu kwa sababu alizaliwa kijijini au katika kabila jingine. Nao husahau kwamba baba zao walifika mjini na mzigo kichwani.

Tena muziki wenyewe hufanya kazi ya mwigizaji. Mwanzo kabisa vyombo vyapiga tuni ya mbio, kama kicheko. Kisha tuni ile ile yapunguzwa mwendo, yawa kwikwi za waombolezaji. Tangu hapo msikilizaji ajua kwamba machozi yale ni kicheko kilichovaa nguo nyeusi. Wimbo wa kuuaga mji ni mwepesi, mtoto aweza kuushika kwa kuusikia mara moja. Ndiyo maana ukirudi wakati wa wosia hakuna haja ya kueleza lolote. Sauti chache zatosha kuwafunga vinywa watu wazima. Wimbo wa Lauretta nao siku hizi huimbwa peke yake duniani kote, na wengi wausikiao hudhani ni sala. Kumbe ni binti ambembelezaye baba yake mpaka akubali jambo lisilofaa! Na mambo hayo yote hayachukui zaidi ya saa moja.

Nchi yetu nayo imeonyesha kwamba cha kale chaweza kuvikwa nguo mpya bila kuharibika. Mwaka 1958, huko Kamina, waimbaji wa Padri Guido Haazen waliimba Misa kwa tuni za Kiluba, na Misa hiyo ikasikiwa mpaka Ulaya. Basi, hadithi za wazee wetu, ambazo ndani yake sungura humshinda chui kwa akili, zangoja tu vijana wenye kufanya kazi kwa bidii. Chagueni tukio moja, si kumi. Mpeni kila mtu sababu ya kutenda. Tafuteni wimbo mmoja utakaorudi. Na kabla ya kuondoa kitu katika hadithi, jiulizeni: tukikiondoa hiki, ukweli utabaki?

TUCHEKE AU TULIE?

Turudi sasa kwenye swali letu. Dante alimhukumu Gianni. Forzano ampeleka mbele yetu tumhukumu sisi. Nani ana haki?

Twaweza kucheka, na bila dhambi, kwa kuwa kicheko chenyewe chatuambia ukweli. Hatuchekeshwi na wosia wa uongo. Twachekeshwa na wale walioacha mishumaa izimwe. Twajua nyuso zao. Huyu anayemsifu marehemu kwa lira tano alizowapa watawa, yule anayenong'ona sikioni, huyu anayekaza macho kwenye nyumbu: tumepata kuwaona, na labda siku moja tulisimama kati yao. Mchezo mzuri ni kioo, na mtu akicheka mbele ya kioo amekwisha kuanza kujijua.

Lakini kicheko si maondoleo. Gianni aliwadanganya wezi, naye ni mwizi vilevile. Alimpenda binti yake, ni kweli; na ni wazazi wangapi wanaosema wameiba kwa ajili ya watoto? Mapendo ya mzazi hayasafishi mali ya wizi. Na tazameni: alipotaka kuanza alimtoa Lauretta nje. Alijua kwamba hilo si jambo la kutendwa mbele ya mtoto. Ndicho kipimo kizuri kwa baba na mama wote: lile usilotaka mtoto wako alione, kwa nini walitenda kwa jina lake?

Na tusimsahau yule asiyesema neno tangu mwanzo hata mwisho. Buoso amelala katika chumba cha pili, hana mshumaa, hana sala. Wako watu wengi nyumbani mwake, na hakuna hata mmoja aliyemwombea roho yake kwa moyo. Katika mchezo mzima wa kuchekesha hilo ndilo la kuhuzunisha kuliko yote.

Injili yatueleza habari ya mtu aliyemjia Bwana Yesu katikati ya kundi, akamtaka amwambie ndugu yake wagawane urithi. Bwana wetu alikataa kuwa mgawaji wao. Aliwaonya wote wajilinde na tamaa, akawasimulia mfano wa tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, naye akafa usiku ule ule. Mtu yule alikuwa mbele ya Mwana wa Mungu, na macho yake yalikuwa kwenye urithi.

Basi, enyi wazazi, tufanyeni mapema yale ambayo Buoso wa kale alicheleweshwa kuyafanya. Mwenye mali ya mtu airudishe angali mzima, kwa mkono wake mwenyewe. Asingoje kitanda cha mauti, maana kando ya kitanda hicho husimama kina Simone wengi. Mwenye kutaka kutoa wosia autoe akiwa na akili timamu, mbele ya mashahidi waaminifu, na aueleze kwa mkewe na watoto. Katika Kongo, Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 huwataja watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, na mjane naye ana haki yake. Ndugu wa marehemu anayeingia nyumbani na kubeba godoro, cherehani na masufuria, huku mjane angali amekaa chini akilia, hatendi desturi ya wazee. Atenda wizi, na mkono wake haujakatwa kwa sababu tu si mji wa Firenze.

Nasi sote, tukiitwa kwenye matanga, twende na mshumaa ambao hatutauzima. Tumwombee marehemu kabla ya kuuliza ameacha nini. Mali yake itahesabiwa siku nyingine. Roho yake yahitaji sala yetu siku hiyo hiyo.